Kibaba cha Tele, Kibaba cha Mfuto

Bibi yangu alituachia kibaba. Sisemi kile cha methali, kinachojazwa haba na haba. Nasema chombo chenyewe: kopo la bati lililochomelewa kwa risasi na fundi mmoja wa Pangani, mdomo wake umekunjwa kwa nje ili usikate vidole, upana wake kama kiganja cha mtu mzima. Kilikaa juu ya pipa la mchele miaka yote niliyoishi naye, na ubavuni mwake kijiti cha mwanzi kilichonyooka. Jirani akija kukopa, bibi aliuliza jambo moja tu: "Cha tele au cha mfuto?"

Cha tele ni kibaba kilichorundikwa mpaka kikatoa kilele. Cha mfuto ni kile kilichopitishwa kijiti mdomoni, ziada ikarudi pipani. Aliyekopa kwa tele alirudisha kwa tele, aliyekopa kwa mfuto alirudisha kwa mfuto, na sikumbuki ugomvi wa mchele katika nyumba ile. Utotoni niliyaona mambo hayo kuwa ya kizamani. Mizani ya dukani yenye mshale wake mwekundu ndiyo niliyoiona kuwa elimu.

Ramadhani iliyopita mdogo wangu akanipigia simu. Wako sita nyumbani kwake, na alitaka kutoa zaka ya fitri kwa mchele. Msikiti wa mtaani kwao ulikuwa umetangaza kilo mbili na nusu kwa kila kichwa. Msikiti wa mtaa wa pili ulisema kilo tatu. "Dada, tumfuate nani?" Nilimwomba anipe siku mbili. Nikaingia stoo, nikakitafuta kibaba cha bibi, nikakisugua, nikakiweka juu ya mizani ya betri ninayopimia unga wa keki. Kijiti cha mwanzi sikukiona tena, nikatumia mgongo wa kisu.

Nilianza na maji. Kibaba kilipojaa hadi ukingoni, ukitoa uzito wa kopo, mizani ilisoma gramu 740. Hapo nilipata ujazo wake bila kushika rula: mililita 740, kwa sababu gramu moja ya maji hukaa karibu kabisa katika mililita moja. Nikakimwaga, nikakikausha, nikatia mchele na kufuta kwa kisu: 592. Nikakigonga chini mara tatu kama alivyokuwa akifanya bibi. Mchele ukashuka, nikaongeza, nikafuta tena: 637. Nikarundika kilele: 702. Unga wa mahindi uliotoka kwenye chekeche ulinipa 410, na unga uleule nilipoushindilia kwa kiganja ukanipa 520. Chumvi laini iliyapita hata maji, ikafika 890.

Nilizitazama namba hizo kwa muda mrefu. Kopo ni lilelile, bati halikutanuka, na ndani yake mmekaa gramu 410 na mmekaa gramu 890. Tofauti hiyo ndiyo darasani iliyoitwa densiti, au msongamano: tungamo gawanya kwa ujazo. Niliikariri kidato cha kwanza nikapata alama zangu. Nilijua kuigeuza, kwamba gramu moja kwa sentimita ya ujazo ni sawa na kilo 1,000 kwa mita ya ujazo. Lakini sikuwahi kuigusa kwa mkono mpaka siku ile, vidole vimejaa unga.

Nadhani sehemu ya taabu iko katika neno letu uzito, ambalo tumelitwika mengi. Mzigo ni mzito, uji ni mzito, blanketi ni zito, usingizi ni mzito. Twasema mafuta ya mawese ni mazito kuliko maji, na mtu yuko tayari kuapa. Yamimine katika glasi ya maji uone: yatapanda na kukaa juu. Lita ya mafuta ya kula ina gramu 920 hivi, lita ya maji ina 1,000. Kile tulichokiita uzito wa mafuta ni mnato, ule uvivu wa kutiririka, nao hauna undugu na msongamano. Asali ndiyo iliyokusanya yote mawili, maana inanata na lita yake moja ina karibu kilo moja na gramu 400. Niliwahi kumwona mama mmoja sokoni akimshutumu muuza asali kwamba chupa yake ya lita haikujaa, naye kijana akijibu kwamba alichouza ni kilo moja. Wote wawili walikuwa wakisema kweli, na hakuna aliyekuwepo wa kuwapatanisha kwa neno linalofaa.

Waalimu wetu walileta neno tungamo ili kulipunguzia uzito mzigo. Tungamo ni kile kiasi cha kitu chenyewe, na hakibadiliki ukikihamisha. Uzito ni jinsi ardhi inavyokivuta. Jambo hilo huonekana la vitabuni mpaka ufikirie aina mbili za mizani. Mizani ya mawe, yenye sahani mbili, hulinganisha tungamo na tungamo, kwa hiyo jibu lake ni moja popote utakapoisimamisha. Mizani ya springi, ile ya kuning'iniza, husikia mvuto tu. Ukiirekebisha London kisha ukaja nayo Mombasa karibu na Ikweta, mahali ambapo mvuto wa dunia ni hafifu kidogo, kilo moja ya dhahabu itasomeka imepungua gramu tatu na ushei. Hakuna aliyeiba. Kilichopungua ni mvuto.

Nirudi kwenye mchele na kule kugonga mara tatu kwa bibi juu ya sakafu. Punje ya mchele peke yake huzama majini, kwa kuwa msongamano wake unakaribia gramu moja na nusu kwa sentimita ya ujazo. Lakini mchele ukiwa kibabani una gramu 0.8 tu kwa kila sentimita ya ujazo wa chombo. Kwa hiyo karibu nusu ya kibaba cha mfuto ni hewa iliyojibanza baina ya punje. Wanahisabati wamelichunguza jambo hili kwa gololi. Zikimiminwa ovyo chomboni hujaza kama asilimia 60 ya nafasi, na zikitikiswa hufika 64 zikagoma hapo. Ili kwenda mbele zaidi ni lazima zipangwe kama wauza machungwa wanavyopanga, kila chungwa likikaa katika bonde la matatu ya chini yake. Johannes Kepler alidai mwaka 1611 kwamba hakuna mpango unaoushinda huo, ambao hujaza asilimia 74, na dunia ikasubiri hadi 1998 Thomas Hales alipoleta uthibitisho. Muuza machungwa wetu anaufanya kila asubuhi juu ya meza ya mbao.

Bibi alipokigonga kibaba alikuwa akimtolea mkopaji hewa na kumwekea mchele. Gramu 45 kwa kila kibaba, kwa namba zangu. Muuzaji mwingine angeweza kumimina taratibu kwa mkono mwepesi, chombo kikajaa, na macho ya mnunuzi yasione kasoro yoyote.

Kilele nacho kina siri yake. Nafaka ikirundikwa hufanya pembe ileile, iwe juu ya chombo chembamba au kipana. Basi ukichukua vyombo viwili vyenye ujazo sawa, kimoja kirefu chembamba na kingine kifupi chenye mdomo mpana mara mbili, kilele cha kile kipana kitabeba nafaka mara nane ya kilele cha mwenzake. Mfuto hauna habari na umbo la chombo. Tele inategemea mdomo, na anayechagua chombo ndiye anayechagua bei.

Hapo ndipo ninapoifikiria lumbesa, na siwezi kuifikiria kwa utulivu. Mkulima wa viazi au vitunguu anauza kwa gunia. Bei imetajwa kwa gunia. Mnunuzi anakuja na magunia yake. Anajaza, anashindilia, kisha anaongeza kipande cha gunia jingine juu na kukifunga kwa kamba kikawa kama kilemba, na bado hilo linahesabiwa kuwa gunia moja. Tanzania sheria inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo ndio wenye kazi ya kusimamia. Kenya imeweka kilo 50 kwa gunia la viazi. Lakini shambani, alfajiri, njia ni ya matope na lori linaunguruma, mizani haipo, na lililopo ni jicho. Jicho linaona ujazo tu. Halikuumbwa kuona tungamo. Mtu aliyelima miezi minne, akapalilia juani, anapokonywa kilo zake katika ile sehemu ya gunia inayochomoza juu ya mshono, na hana namba ya kushika mkononi akalalamikie. Kilele cha bibi kilikuwa zawadi ya mwenye pipa. Kilele cha lumbesa kinachukuliwa na mwenye nguvu.

Si jambo geni kwetu kufanya kazi kwa kipimo kimoja na kuuza kwa kingine. Visiwani, mchumaji wa karafuu alilipwa kwa pishi za karafuu mbichi, na mwenye shamba aliuza karafuu kavu kwa frasila, kama kilo 16. Kati ya pishi na frasila kulikuwa na jua la siku kadhaa, ambalo huondoa karibu theluthi mbili ya uzito.

Sasa fitri. Kipimo chake katika sheria ni swaa moja, na swaa ni mudi nne, kama vile pishi yetu ilivyo vibaba vinne. Ndiyo maana mashekhe wa pwani waliifasiri swaa kuwa pishi na watu wakaelewa mara moja. Swaa ni chombo. Ni ujazo. Mudi moja hukadiriwa kuwa viganja viwili vya mtu wa wastani vilivyounganishwa na kujazwa. Na vyakula vya wakati ule vilikuwa tende, shayiri, zabibu, kila kimoja na msongamano wake, vyote vikipimwa kwa chombo kimoja. Sura ya Al-Mutaffifin, inayowakemea wapunja vipimo, inataja kupima kwa chombo na kupima kwa mizani kama vitendo viwili, si kimoja. Tofauti tuliyofundishwa kwa fomula ilikuwa imekaa mbele yetu katika juzuu ya Amma, tukiisoma kwa sauti kila jioni chuoni.

Kuna kisa ambacho wanachuoni hukisimulia, nami nakipenda kuliko vyote katika mlango huu. Abu Yusuf, mwanafunzi mkubwa wa Abu Hanifa, alikuwa akishikilia kama watu wa Iraki kwamba swaa ni ratili nane. Alipofika Madina akajadiliana na Imamu Malik. Malik hakumletea hoja ndefu. Watu wa Madina wakaja na swaa zao mikononi, kila mmoja akieleza kwamba chombo hiki alikirithi kwa baba yake au mama yake, na kwamba kwacho walitolea zaka tangu enzi za Mtume. Vikapimwa, vikakutwa vinalingana: ratili tano na theluthi. Abu Yusuf akaiacha kauli yake. Mwanachuoni mkubwa kama yule akashindwa na vikopo vya watu wa kawaida, na hakuona aibu.

Karne ya 13 Imamu Nawawi naye aliandika kuwa kuikadiria swaa kwa ratili kuna ugumu, kwa sababu nafaka hazilingani uzito, na kwamba tegemeo ni chombo. Alikuwa akizungumzia msongamano, kwa maneno ya fikihi. Na karne mbili kabla yake Al-Biruni alikuwa ameshatengeneza chombo chenye umbo la pia na mdomo wa pembeni; akitumbukiza kipande cha dhahabu au kito, maji yaliyosukumwa hutoka pembeni, naye huyapima. Hesabu zake za madini ziko karibu sana na zetu za leo. Dhahabu ni mara 19.3 ya maji, mchanga wa kawaida hauzidi mara 2.7, na kwa tofauti hiyo tu mchimbaji mdogo wa Geita anazungusha karai lake majini mpaka mchanga uende na dhahabu ibaki chini.

Wafaransa walikuja na njia nyingine: waliuoza ujazo kwa tungamo, na maji yakawa shahidi. Mwaka 1795 walitangaza kuwa gramu ni tungamo la sentimita moja ya ujazo ya maji yaliyo katika joto la barafu inayoyeyuka. Miaka minne baadaye wakahamia nyuzijoto 4, kwa kuwa hapo ndipo maji yanaposongamana kuliko wakati wowote. Yakipoa chini ya hapo huanza kutanuka tena, na yakiganda huwa gramu 917 kwa lita, ndiyo maana barafu huelea katika sharubati yetu ya futari. Kilo ikafanywa ya platini, na mwaka 1889 ikabadilishwa kwa nyingine ya platini na iridiamu, silinda ndogo yenye kimo cha milimita 39, ikawekwa Sèvres karibu na Paris chini ya vifuniko vya kioo. Ilipotokea kwamba lita iliyowekwa kwa kilo ya maji mwaka 1901 imezidi desimita ya ujazo kwa sehemu 28 katika milioni, jambo hilo halikupuuzwa. Hiyo ni kama nusu tone katika lita nzima. Mwaka 1964 wakairekebisha. Tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo haitegemei tena kipande chochote cha chuma, bali namba isiyobadilika ya maumbile iitwayo konstanti ya Planck.

Mtu anaweza kuuliza nusu tone ina maana gani kwa sisi tunaopima kwa ndoo. Mimi naona ina maana kubwa. Ni ushahidi kwamba kuna watu walikataa kumdhulumu mtu wasiyemjua hata kwa nusu tone. Na kwa kazi yao, mama anayejitwisha ndoo ya lita 20 anajua bila mizani kwamba ana kilo 20 kichwani, mbali na ndoo. Jirani yangu mmoja alijengewa mnara wa mbao wa kuweka tangi la lita 2,000. Tangi tupu lilikaa pale mwezi mzima likipendeza. Maji ya bomba yalipofika, usiku ule ule tani mbili zilishuka na mnara wake. Fundi alikuwa amepima nafasi.

Siku ya pili nikachukua karatasi. Vibaba vinne vya mfuto, mchele uliogongwa: 637 mara nne, kilo mbili na gramu 548. Vibaba vinne vya tele: 702 mara nne, kilo mbili na gramu 808, ambazo mtu mwenye tahadhari akiogopa kupunguza atazisukuma hadi tatu. Nikazirudia hesabu. Kilo mbili na nusu, kilo tatu. Siwezi kudai kwamba maimamu wale wawili walizipata namba zao kwa njia hii. Lakini kwa kopo la bati la Pangani, lililo na mchele wa jikoni kwangu, msikiti mmoja ulikuwa unaongea kwa mfuto na wa pili kwa tele.

Nikampigia mdogo wangu. Nikamwuliza bibi alikuwa akisema nini jirani akija kukopa. Alicheka kwanza, kisha akanyamaza, kisha akalisema swali lile kwa sauti ya bibi hasa, na sote wawili tukakaa kimya kwenye simu.

"Basi nitatoa vya tele," akasema. "Watoto wapime wenyewe. Dada, kile kibaba unaweza kunitumia kwa basi?"

Nilikitazama pale juu ya meza, kimekunjwa mdomo, kimepauka. Nikamwambia hiki hakiondoki. Nitakwenda kwa fundi bati nikamtengenezee chake, kirefu kama hiki na mdomo mwembamba kama huu, na kabla hakijapanda basi nitakijaza maji juu ya mizani mpaka isome 740.

"Na ikisoma 735?"

"Nitamrudishia fundi."